Kuchagua Ufito wa Bei Nafuu wa Kuvulia Krapi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyapata kandoni mwa maji, hapa Kentucky na Tennessee. Mengi yametoka kwa ndugu wa Kongo, Burundi na Tanzania ambao kwao samaki ni jambo la nyumbani. Wamezoea nyavu, mitumbwi na mshipi wa mkono, kisha wanajikuta dukani mbele ya ukuta wa fito, nyingine dola 15, nyingine 300, na zote kwa macho zinafanana. Humu, ufito ni ile fimbo yenyewe, mshipi ni uzi, rili ni kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, na pete ni vile viduara kwenye ufito ambamo mshipi hupita.

## Samaki kwanza

Krapi ni samaki gani?

Ni samaki wa maji baridi, asili yake Amerika ya Kaskazini. Dukani jina lake limeandikwa crappie, na watu wengi hutamka "kropi". Louisiana wanamwita sac-à-lait, na anayejua Kifaransa atacheka: mfuko wa maziwa. Wapo wa aina mbili, mweupe na mweusi. Ukitaka kuwatofautisha usitazame rangi, hesabu miiba migumu ya pezi la mgongoni: mweupe ana 5 au 6, mweusi 7 au 8.

Wengi utakaowapata hawazidi pauni moja. Krapi wa inchi 12 ana uzito wa kama pauni moja, na huyo tayari ni samaki wa kupigiwa simu nyumbani. Rekodi za dunia zenyewe, mweupe wa Enid, Mississippi, mwaka 1957 na mweusi wa Tennessee mwaka 2018, hazikufika pauni 6. Kumbuka kipimo hicho unapoangalia ufito mnene kama mpini wa jembe.

Nina ufito wa kuvulia kambare. Kwa nini usitoshe?

Kwa sababu ya mdomo. Mshike krapi, mfungue kinywa, umwelekeze kwenye jua: utaona mwanga unapenya kwenye ngozi laini pembeni mwa taya, nyembamba kama karatasi. Ndoana ikiingia pale na ufito wako ni mgumu, ukivuta kwa nguvu ngozi inachanika, tundu linapanuka, samaki anadondoka.

Mwaka wangu wa kwanza huku nilivua na ufito wa kambare kwa sababu ndio niliokuwa nao. Aprili moja, asubuhi, niliwainua krapi sita mfululizo na wanne walirudi majini nikiwatazama. Nilidhani ndoana ni butu, nikabadili ndoana. Jirani yangu wa ukingoni, mzee mmoja wa hapa, alinipa ufito wake wa dola 20 uliopinda ncha kama jani la mgomba, akasema jaribu huu. Ndoana zilikuwa zilezile, chambo kilekile. Sikumpoteza hata mmoja tena asubuhi ile.

Ulaini wa ncha ndio unaoununua. Mengine yote yanakuja baada ya hapo.

Bei nafuu maana yake nini hasa?

Kwa ufito pekee, kati ya dola 20 na 45 unapata chombo kitakachokutumikia miaka. Ufito pamoja na rili yake, seti nzima, kati ya dola 25 na 60. Chini ya dola 15 zipo, na samaki wanavuliwa nazo, lakini pete zake huwahi kung'oka. Kuhusu zile za dola 100 na kuendelea, tazama swali la tofauti ya bei huko chini.

## Kusoma maandishi ya ufito

Juu ya mpini pameandikwa UL, L, ML au M. Ni nini?

Ni nguvu ya ufito, yaani uzito kiasi gani unahitajika kuupinda. UL ndio laini kuliko zote, kisha L, kisha ML, kisha M. Kwa krapi chukua UL au L. ML inakubalika ukiwa unavua kwenye visiki na matawi mengi, mahali ambapo samaki lazima atolewe haraka kabla hajazungusha mshipi kwenye mti. M waachie kambare.

Kando yake kuna tarakimu za uzito wa chambo, mathalani 1/32 hadi 1/4 aunsi. Tarakimu ya kwanza ndiyo muhimu kwetu. Jigi za krapi, zile ndoana zilizoyeyushiwa kichwa cha risasi na kuvalishwa mkia wa plastiki, huwa za 1/32 au 1/16 aunsi, uzito wa gramu moja au mbili tu. Ufito ulioandikwa unaanzia 1/4 hautaweza kuzirusha. Utarusha mkono na jigi itaangukia miguuni pako.

Na mpindo wa haraka au wa polepole?

Hapo wanaeleza ufito unapinda wapi. Wa haraka unapinda karibu na ncha tu. Wa wastani unapinda hadi katikati. Wa polepole unapinda wote mpaka karibu na mpini. Ukivua kwa chelezo na vidagaa hai, mpindo wa wastani ni rafiki zaidi kwa ule mdomo wa karatasi. Ukivua kwa jigi ukiwa umeshika ufito mkononi, wa haraka unakupa taarifa mapema, ila ncha yenyewe ibaki laini. Ukishindwa kuchagua, nunua wa wastani.

## Urefu

Navua nikiwa ukingoni, sina mashua. Ninunue futi ngapi?

Futi 6 hadi 7. Mfupi kuliko hapo unakunyima umbali wa kurusha, mrefu kuliko hapo unakwama kwenye matawi nyuma yako. Kama pana nafasi, 7 inakufaa kuliko 6, kwa sababu ufito mrefu unasaidia kurusha jigi nyepesi na unameza mshtuko samaki akikurupuka karibu na miguu.

Mbona wenyeji wana fito za futi 10 na 12, nyingine hata bila kurusha?

Hiyo ni namna nyingine kabisa ya uvuvi, na mtu aliyekulia ziwani ataielewa haraka kuliko aliyezoea kurusha. Nenda ziwa Reelfoot, Tennessee. Ziwa lile lilizaliwa na matetemeko ya ardhi ya New Madrid, 1811 na 1812: ardhi ilididimia, maji yakaingia msituni, na mpaka leo limejaa visiki na misaipresi iliyosimama majini. Ukirusha ndoana humo kwa kawaida utaondoka bila ndoana.

Kwa hiyo wenyeji hawarushi. Wanasogea taratibu, wananyoosha ufito mrefu, wanaishusha jigi wima kando ya kisiki, inchi chache tu kutoka kwenye gome. Wanasubiri. Kama kimya, wanaiinua, wanaishusha upande wa pili wa kisiki kilekile. Mshipi uliotoka nje hauzidi urefu wa ufito wenyewe. Samaki akishika, hakuna kukunja rili. Ufito unainuliwa na samaki anakuja juu moja kwa moja, mbali na matawi.

Njia hii inafaa hasa majira ya kuchipua, maji yakifika nyuzi 60 hadi 65 za Farenhaiti. Krapi huja kutaga kwenye kina kifupi, mara nyingi futi 2 hadi 6, na watu wa Kentucky hutazama maua ya mti wa dogwood kujua muda umefika. Hata aliye ukingoni, ufito wa futi 10 unamfikisha kwenye kichaka cha majini ambacho wa futi 6 haufiki. Nikiambiwa nibaki na ufito mmoja tu mwezi wa Aprili, nitabaki na ule mrefu.

Fito hizi za kushushia, kwa kuwa hazihitaji rili ya maana, ni miongoni mwa vitu vya bei nzuri kabisa dukani. Kampuni ya B'n'M ya Mississippi inajulikana sana kwa hizo. Hakikisha tu hauelemei mbele; jaribu kama ilivyoelezwa kwenye swali la kupima dukani.

Wale wenye fito nane mbele ya mashua wanafanya nini?

Wanavua kwa mtindo wa buibui: fito nyingi za futi 12 hadi 16 zimetandazwa mbele ya mashua kama miguu ya buibui, mashua inasogea polepole mno. Inahitaji mashua, vishikio na fedha. Si pa kuanzia. Na majimbo hayaruhusu idadi sawa ya fito. Tazama swali la leseni.

## Ufito umetengenezwa na nini

Grafiti au faibaglasi?

Grafiti, yaani nyuzi za kaboni, ni nyepesi na inasikia. Krapi mara nyingi hapigi chambo kama sangara. Anakifuata kutoka chini, anakimeza, na kinachokufikia ni mguso mdogo au mshipi kulegea ghafla. Grafiti inauleta mguso huo hadi kiganjani. Ubaya wake, haipendi kugongwa. Ikipata mkwaruzo mdogo kwenye ukingo wa mashua, haikwambii kitu. Siku nyingine unainua samaki na inakatika palepale.

Faibaglasi ni nzito kidogo na inachelewa kusikia, lakini inapinda sana kabla ya kuvunjika na inavumilia watoto, buti la gari na kukanyagwa. Ukivua kwa chelezo, macho yako ndiyo yanayosikia, kwa hiyo faibaglasi haikupunguzii kitu.

Zipo zenye vyote viwili. Ugly Stik ya Shakespeare, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, imechanganya grafiti na faibaglasi na ina ncha ya faibaglasi iliyojaa ndani, si bomba, inayopitisha mwanga. Si nyepesi kuliko zote, lakini kwa familia inayomiliki ufito mmoja na kuugawana watu watano, naipendekeza bila kusita. Chagua tu ile ya UL au L. Ya M haitakufaa.

Naweza kutumia mwanzi kama nyumbani?

Ndiyo, na hutakuwa peke yako. Kusini mwa Marekani watu wamevua krapi kwa mwanzi vizazi na vizazi. Uwe umekauka, futi 10 au 12, mwembamba nchani. Funga mshipi usizidi urefu wa mwanzi, chelezo kidogo, ndoana, basi. Mwanzi mzuri una ulaini ambao baadhi ya fito za kiwandani hazina.

Kipande kimoja au viwili?

Ukipanda basi au gari ni dogo, viwili. Tofauti ya usikivu kwa bei hizi ni ndogo mno kuumizia kichwa. Ukiunganisha, paka nta ya mshumaa kidogo kwenye kiungo kisije kikakwama. Zile za kuchomoa kama antena zinafaa kwa kushushia tu. Kwa kurusha, pete zake ni chache na vipande huzunguka.

## Dukani

Naupimaje ufito kabla ya kulipa?

Usiusukume kwenye dari wala sakafu; hivyo ndivyo fito hupata nyufa, na huenda huo ulioushika tayari mtu kaufanyia. Fanya hivi.

Lete rili yako mfukoni, ifunge kwenye ufito, kisha uulaze juu ya kidole kimoja mbele kidogo ya rili. Ukitulia sawa, mkono wako utapumzika siku nzima. Ukidondoka mbele, hasa huu mrefu wa futi 10, utauchoka kabla ya saa moja. Shika mpini, tikisa kidogo, uache: ncha nzuri inatetemeka mara chache na kutulia. Inayoendelea kuyumba kama unyasi itakuchanganya na miguso ya uongo.

Weka jicho kwenye mpini, utazame pete zote hadi nchani: zikae mstari mmoja. Kisha chukua pamba ndogo, ipitishe ndani ya kila pete ukiizungusha. Pamba ikiacha nyuzi, pete ina ufa, na ufa huo utakata mshipi wako. Mwisho mwombe muuzaji ashike ncha polepole huku wewe ukiinua mpini. Uone unapinda wapi. Muuzaji mzuri hatakataa.

Rili gani?

Usimwage fedha hapa. Krapi hakimbii na mshipi umbali mrefu. Rili ya wazi ya namba 500 hadi 1000 inatosha, 2000 inakubalika. Angalia kitu kimoja: breki yake, ile inayoachia mshipi samaki akivuta, ilegee taratibu bila kushtuka. Ivute kwa mkono. Ikitoka kwa vishindo, hivyo vishindo ndivyo vitachana mdomo wa samaki.

Kwa anayeanza, rili ya kufunikwa yenye kitufe ni rahisi zaidi. Zebco 33, iliyotoka mwaka 1954, bado inauzwa na bado inafundisha watu kurusha kwa nusu saa.

Mshipi na ndoana navyo vina athari?

Sana. Mshipi wa nailoni wa pauni 4 au 6, yaani uzito unaoweza kubeba kabla ya kukatika; kwenye visiki vingi, 8. Rangi inayoonekana, njano au kijani kali, inakusaidia kuona pale mshipi unapolegea. Ndoana iwe ya waya mwembamba, namba 4 au 2: ikinasa kwenye kisiki, unavuta taratibu, inanyooka, inatoka, unaikunja tena kwa koleo. Ndoana nene kwenye ufito laini ni kupoteza kazi yote uliyoifanya kuchagua ufito.

Tofauti ya ufito wa dola 35 na wa dola 120 ni ipi?

Uzito, usikivu, pete bora, mpini wa gamba la mti badala ya sponji, na dhamana ndefu. Ni tofauti ya kweli. Mtu anayevua siku 100 kwa mwaka kwa jigi mkononi atainufaikia. Kwa anayetoka Jumamosi baada ya wiki ya kiwandani, dola 85 hizo zinanunua leseni, mshipi, jigi na vidagaa, na vyote hivyo vitamletea samaki wengi zaidi.

Mtumba je?

Nunua. Watu huuza fito nzuri barazani kwa dola 5, na maduka ya vitu vilivyotumika huwa nazo. Mbali na pamba na mstari wa pete, pitisha kucha kwenye ufito mzima. Ukisikia mkwaruzo unaozama kwenye grafiti, uache. Pete iliyokosekana nchani si tatizo, tazama swali la ncha iliyokatika.

Sina fedha kwa sasa. Naweza kuazima?

Mahali pengi, ndiyo. Illinois, idara ya maliasili ya jimbo huazimisha fito bure kupitia maktaba na vituo vingine. Uliza maktaba yako. Wengi hawajui kwamba ufito huazimwa kama kitabu.

## Hali za pekee

Mtoto wa miaka sita apewe upi?

Faibaglasi, futi 4 na nusu hadi 5, rili ya kitufe, chelezo. Usimpe ule wa katuni wa futi 2 na nusu kama unataka avue kweli. Hauwezi kupinda, na samaki wa kwanza wa mtoto asianguke kwa sababu hiyo.

Krapi huvuliwa usiku. Ufito ubadilike?

Waliovua dagaa Tanganyika kwa karabai wanajua mambo haya kuliko walimu wao. Taa juu ya maji inavuta wadudu wadogo wa majini, wao wanavuta visamaki, visamaki vinavuta krapi, na hapa watu hukaa chini ya madaraja na kwenye gati kwa mpango huohuo. Ufito ni uleule wa L. Ncha nyeupe au ya rangi kali inasaidia, na kama ni nyeusi, gundisha kipande cha utepe unaong'aa.

Kwenye barafu?

Minnesota na majirani zake huvua kupitia tundu, na ufito huwa wa inchi 24 hadi 30 tu. Seti za dola 20 hadi 30 zinatosha. Huu ununue pekee, usikate mrefu.

Radi na nyaya za umeme?

Grafiti inapitisha umeme. Ukisikia ngurumo, laza ufito na uondoke majini. Na wenye fito za futi 12: kabla ya kuinua, tazama juu. Karibu na gati nyingi kuna nyaya.

Leseni inahitajika hata kwa mwanzi? Na fito ngapi?

Inahitajika; sheria haiulizi bei ya ufito. Kentucky, walio chini ya miaka 16 hawahitaji. Tennessee ni chini ya 13. Texas chini ya 17. Majimbo mengi yana siku za kuvua bure mwezi Juni. Idadi ya fito hutofautiana: Minnesota ni mshipi mmoja maji yakiwa wazi, miwili kwenye barafu. Soma pia kijitabu cha jimbo kuhusu idadi na urefu wa krapi wa kubeba, na ukumbuke kwamba ziwa Kentucky limo katika majimbo mawili.

Ncha imekatika inchi tatu. Nitupe?

La. Nunua pete ya ncha, dola chache, ukiwa umebeba ufito wenyewe ili uipime pale pale. Lainisha mkato kwa msasa, yeyusha gundi ya joto, ipake, vika pete, ilinganishe na zile nyingine kabla gundi haijaganda. Usichome ufito wenyewe kwa moto. Pasha gundi na pete tu. Ufito utakuwa mgumu kidogo kuliko mwanzo, kwa hiyo legeza breki ya rili kidogo zaidi. Ukiwa umekatika zaidi ya inchi sita, ulaini umeondoka na kile kipande. Ubakize kwa kambare.